Gari Limezima Njiani: Usiue Giaboksi kwa Kamba

Leo hatuzungumzii palizi wala dawa ya funza wa pamba. Tunazungumzia chombo kinachobeba mavuno: pikapu, Canter, Noah, na trekta lenye tela. Na ndani ya chombo hicho tutatazama kitu kimoja tu, yaani giaboksi, katika saa ile ya shida ambapo gari limezima njiani, jua linazama, na kila mtu anatafuta kamba.

Chukua mfano huu. Kikundi cha wakulima wa mpunga kimechanga fedha kwa misimu miwili, kikanunua Noah kuukuu iliyotoka Japani, ya gia otomatiki. Siku moja inapeleka mchele Geita mjini. Njiani mpira wa rejeta unapasuka, maji yanamwagika, injini inaanza kuchemka, dereva anazima. Hapo amefanya vyema. Mpira ule ni kitu cha bei ndogo, unapatikana kwenye duka lolote la vipuri. Linapita lori, dereva wake ni mtu mwema, anasema, "Fungeni kamba, nawavuta mpaka mjini." Wanavutwa kilomita 40 kwa mwendo wa lori. Wanafika gereji, mpira mpya unafungwa, maji yanajazwa, injini inawaka vizuri kabisa. Dereva anaweka D, anakanyaga mafuta. Injini inalia, gari haliendi. Anaweka R, vilevile. Asubuhi iliharibika hosi, jioni imeharibika giaboksi, na bei yake ni magunia ya mpunga ambayo kikundi kilikwisha yapangia ada za watoto na mbegu.

Utauliza, giaboksi imeharibikaje na hakuna aliyeitumia? Injini si ilikuwa imezimwa? Basi hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Wazee wa Shinyanga wanakumbuka visima vifupi vya pampu za mkono vilivyochimbwa mkoani katika miaka ya 1970. Pampu ile, hata maji yawe tele chini, haitoi tone mpaka mtu aipige. Giaboksi ya otomatiki ina pampu yake ndani, na mtu anayeipiga ni injini. Injini ikizunguka, pampu inasukuma oili nyekundu kwenda kila sehemu: kulainisha, kupoza, na kubana zile klachi ndogo ndogo za ndani. Injini ikizimwa, pampu inasimama na oili inatulia chini. Lakini gari likivutwa, magurudumu yanazunguka, na magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi. Vyuma vinakwenda, oili haiendi. Vinasagana vikavu, vinapata joto, klachi zinaungua. Kuweka N hakuzuii mzunguko huo, maana magurudumu bado yameshikana na shafti ya giaboksi. Ndiyo maana vitabu vya magari ya otomatiki vinakataza kuvuta gari huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yako chini. Vingine huruhusu mwendo mfupi wa polepole, vingine havitaki kabisa. Kama gari lako bado lina kitabu, kisome. Kama kimeandikwa Kijapani, shika lile la kukataza.

Wenye gia za mkono msicheke bado. Pikapu na Canter za gia za mkono hazina pampu ya namna hiyo, lakini nyingi hutegemea shafti ya chini, ile inayozungushwa na injini, ambayo hupita ndani ya oili na kuirusha juu. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma likivutwa injini imezimwa, gia ikiwa fri, shafti ya juu inazunguka na ile ya chini imelala. Kwa kilomita chache za polepole si neno. Kwa kutoka Kahama mpaka Geita ni neno kubwa. Magari madogo ya gia za mkono yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana nafuu, kwa sababu difu yake imo ndani ya giaboksi hiyohiyo na inapozunguka hurusha oili.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujafunga kamba, jiulize kwanza kama kuna haja ya kuvuta. Zamani lazima uvute, maana fundi alikuwa mbali na vipuri vilikuwa mbali zaidi. Siku hizi bodaboda inafika karibu kila mahali. Ikiwa kilichoharibika ni mpira wa rejeta, mkanda wa feni, betri au pampu ya dizeli, mpeleke kijana na bodaboda akiwa na kipande kibovu mkononi, arudi na kipya, au arudi na fundi. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ukiilinganisha na giaboksi ni sawa na kuku kwa ng'ombe. Na mzigo usikuchanganye akili. Mchele unaweza kuhamishiwa gari lingine ukaenda sokoni, gari likabaki na mtu wa kulilinda. Watu wengi huvuta gari kwa sababu wanafikiria nyanya zitaoza, wakasahau kwamba nyanya na gari si lazima visafiri pamoja.

Lakini zipo nyakati huna budi: gari limekaa vibaya kwenye kona, au kijiji kiko mbali na usiku umeingia. Hapo vuta, lakini kwanza tenganisha magurudumu na giaboksi.

Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma hutenganishwa kwa kufungua propela. Kazi hii dereva yeyote mwenye spana anaweza kuifanya; kwa pikapu nyingi ni spana namba 14 na bolti nne upande wa difu. Ila kuna mtego unaovunja watu miguu, nanyi usikieni vizuri. Propela ikishafunguliwa, gia haishikilii gari tena, wala P ya otomatiki haishikilii. Na katika Canter nyingi na Land Rover za zamani, breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi na hushika propela, si magurudumu. Ukifungua propela umefungua na breki ya mkono. Kwa hiyo kabla ya mtu kuingia chini ya gari, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, tena pande zote mbili. Usimwamini mtu anayesema "mimi nimekanyaga breki." Mguu huchoka, na mtu huitwa akageuka.

Kabla ya kufungua, piga alama kwa msumari kwenye sahani mbili za propela zilizobanana, ili zirudi vilevile. Zikirudi kombo gari huenda likatetemeka. Bolti zitie mfukoni au kwenye kopo, zisikae mchangani. Propela iliyofunguliwa upande mmoja ifungwe juu na waya imara, isije ikaanguka ikachimba barabara. Bora zaidi ni kuitoa yote. Ikiwa ni ile inayochomoka kutoka mkia wa giaboksi, oili itamwagika pale inapochomoka. Ziba kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara kadhaa, kaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Land Cruiser na pikapu za magurudumu manne zina propela mbili. Zile zenye habu za mbele za kuzungusha kwa mkono, zifungue habu ziwe huru, kisha toa propela ya nyuma. Zile ambazo magurudumu yote manne hufanya kazi wakati wote, toa propela zote mbili, au gari lipandishwe juu ya lori. Usinyanyue mbele ukaacha nyuma inaburuzika, au nyuma ukaacha mbele. Hapo unaua giaboksi ya pili pamoja na ya kwanza.

Na gari la otomatiki la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kama IST, Wish na Noah za baadaye, halina propela ya kutoa. Hilo ama linyanyuliwe mbele, magurudumu ya nyuma yazunguke, ama lipandishwe lori. Vijijini hatuna gari la kunyanyua, lakini tuna lori na tuna kingo za ardhi. Lori likirudi nyuma kwenye ukingo ulio sawa na bodi yake, mbao mbili nene zikawekwa, watu wanane wanaliingiza gari bila taabu. Likifika juu, lifungwe kamba nne na mawe yawekwe. Kama hata hilo haliwezekani, livute kwa mwendo wa mtu anayetembea mpaka mahali pa usalama tu, nje ya barabara, na hapo lingoje fundi.

Sasa kuvuta kwenyewe. Kamba iwe ya mita 4 au 5, ifungwe kwenye ndoana ya kuvutia au kwenye fremu, isifungwe kwenye bampa wala kwenye fimbo za usukani. Katikati ya kamba funga kitambaa chekundu au cheupe. Anayevutwa aweke ufunguo mahali pa kuwasha, la sivyo usukani utajifunga kwenye kona ya kwanza. Ajue pia kwamba injini ikiwa imezimwa, breki hulainika kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Anayevuta aanze taratibu mpaka kamba inyooke, ndipo akaze. Atumie gia namba moja, na asiendelee kukanyaga nusu klachi. Klachi yake nayo ni giaboksi ya kesho. Anayevuta kwa otomatiki aweke L, na kama kuna kibonye cha O/D akizime. Akisikia harufu ya kuungua asimame, aweke P, aache injini inanguruma polepole kwa dakika kadhaa ili oili izunguke na kupoa, ilimradi injini yenyewe haichemki.

Tuje kwenye tope, maana masika hayako mbali na ninyi mnaijua mbuga yetu kuliko mimi. Udongo wa luseni humeza gurudumu lakini huliachia. Udongo wa mbuga humeza na kushika. Dereva akinasa hapo hukasirika, akakanyaga mafuta, gurudumu moja likazunguka kama pia na jingine limesimama. Ndani ya difu gia ndogo zinazunguka kwa kasi ambayo hazikuundiwa. Kisha gurudumu lile linapogusa jiwe ghafla, nguvu yote inapiga kwa mara moja, ndipo ekseli inakatika au meno ya gia yanang'oka. Zima, shuka, chukua jembe. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, sio lile linalozunguka tu, uweke matawi, mawe au mabua ya pamba. Kwa wenye otomatiki, ule mchezo wa D, R, D, R wakati magurudumu bado yanazunguka ni sumu. Kila unapobadili, ngoja magurudumu yasimame kabisa.

Na hapa Wasukuma tuna mtambo ambao wenye mabwawa ya mafuta hawana: maksai. Jozi mbili za maksai waliozoea jembe huvuta pikapu kutoka mbugani vizuri kuliko Fuso, kwa sababu hawashtui. Wanaegemea nira polepole, wanaongeza, wanaongeza, gari linatoka. Mwendo wao ni wa kutembea, giaboksi haijui hata kama inavutwa. Wakati huo dereva aweke gia fri na asijaribu kuwasaidia kwa injini. Gari likichomoka ghafla litawafikia ng'ombe miguuni.

Trekta linataka maneno yake. Katika miaka ya 1960 muungano wa vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation, uliingiza matrekta kulima mashamba ya pamoja katika Usukuma, na mpango ule haukudumu. Gharama za kuyaendesha na kuyatengeneza zilikuwa miongoni mwa yaliyoushinda. Leo matrekta ni ya watu binafsi na vikundi, na bado tunayavuta kana kwamba ni mikokoteni. Trekta likiharibika, weka fri mkono wa gia na mkono wa kasi kubwa na ndogo, yote miwili, pia toa ile shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine. Achanisha tela kwanza. Vuta kutoka mbele, mtu akiwa kwenye usukani, kwa mwendo wa kutembea. Ukilivuta trekta lililozimwa kwa mwendo wa gari umelifanyia lile la Noah.

Trekta zima likivuta gari au tela, kamba ifungwe chini, kwenye ndoana au kwenye upau wa kuvutia. Isifungwe kwenye ekseli wala kwenye kishikizo cha juu cha plau. Kamba ikiwa juu, trekta hujiinua mbele na kumlalia dereva, na hilo hutokea kwa muda mfupi kuliko mtu kukanyaga klachi. Jambo jingine: katika Massey Ferguson nyingi, oili ya giaboksi, ya difu na ya kunyanyulia plau ni moja. Ukivuka mto maji yakafika tumbo la trekta, kesho yake pima oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe kabla ya kulima.

Kuhusu kusukuma ili gari liwake: gia ya mkono inawezekana, lakini tumia gia namba mbili au tatu, si moja, na uachie klachi kwa upole. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu ile ile ya pampu. Tafuta waya za betri, acheni kuchosha vijana.

Neno kwa wenzetu wa Geita. Baada ya mavuno, pikapu nyingi za wakulima hukodishwa kubeba mifuko ya mawe ya dhahabu kupeleka karasha. Mawe hudanganya. Mifuko kumi ya mawe inaonekana michache kwenye bodi, ukizoea kupima kwa macho ya pamba, nayo ina uzito wa kuvunja springi. Mwenye mawe hakodishi giaboksi yako, anakodisha gari. Giaboksi inabaki yako. Na mnaposhuka milima msiachie gari fri ili kuokoa dizeli. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, injini ikusaidie kushika, breki zisiungue.

Mkingoja fundi usiku, gari liwe nje ya barabara. Wekeni alama ya pembetatu mbali nyuma ya gari, na kama hakuna, matawi mabichi, tena mbali, dereva wa lori apate nafasi ya kuona na kupunguza. Kama mmebeba pamba, msiwashe moto karibu wala kuvuta sigara juu ya mzigo. Mkiondoka, ondoeni mawe na matawi yenu barabarani. Mengi huachwa pale, na mwendesha bodaboda wa alfajiri hayaoni.

Gari likifika gereji, fundi asiwashe na kuweka gia papo hapo. Mwambie kweli limevutwa kilomita ngapi, kwa mwendo gani, propela ikiwa imefungwa au imetolewa. Usifiche kwa kuona haya, maana atatafuta ugonjwa mahali pengine kwa fedha zako. Kwa otomatiki, achomoe kijiti cha oili kama kipo, adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Oili njema ni nyekundu na haina harufu kali. Ikiwa ni ya kahawia au nyeusi na inanuka kuungua, imwagwe na sampo ifunguliwe, atazame kama kuna vipande vya chuma. Kinachojazwa kiwe oili ya otomatiki ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabuni, siyo oili ya injini, wala ile nzito ya namba 90. Katika Toyota nyingi kipimo chake husomwa injini ikiwa imewaka na kupata moto, gari likiwa mahali tambarare, gia ikiwa kwenye P.